Shinikizo la Damu la Makamo na Akili ya Uzeeni: Historia ya Istilahi Zilizochelewa Kukutana

Asasi moja ya afya ilileta katika Sehemu yetu ya Istilahi kijikaratasi cha kurasa nne kilichokwisha kufasiriwa, ikaomba kithibitishwe kabla ya kupelekwa katika zahanati. Katika ukurasa wa pili ilikuwapo sentensi hii: "Presha ya maisha ya mwanzo huongeza hatari ya wazimu wa baadaye." Mfasiri hakuwa mzembe. Kila neno alilolitumia lingeweza kutetewa kwa kamusi. Hata hivyo, muuguzi aliyekuwa ameombwa kukijaribu kijikaratasi hicho mbele ya wagonjwa aliandika pembeni, kwa kalamu ya risasi, kwamba mama mmoja aliuliza kama mwanawe mchanga naye apimwe presha, na mzee mmoja alitaka kujua ni nani aliyemwita mwendawazimu.

Sentensi hiyo ina maneno kumi na moja, na manne kati yake yanapotosha: presha, maisha ya mwanzo, hatari, na wazimu. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya jambo linalotajwa na maneno hayo. Wako wanaodhani kwamba kazi ya msanifu wa istilahi huanza na kuishia katika kamusi. Kwa maoni yangu, neno la kitaalamu haliwezi kusanifiwa vema na mtu asiyejua jinsi jambo lenyewe lilivyopata kujulikana, na katika habari hii ya damu na akili, maneno yenyewe yamewahi kuwapotosha hata waganga.

Kipimo kilitangulia ugonjwa

Shinikizo la damu lilipimwa muda mrefu kabla ya kuitwa ugonjwa. Stephen Hales, padri wa Teddington nchini Uingereza, alikuwa mtu wa kupenda kupima kila kitu, hata nguvu ya maji yanayopanda katika mashina ya mimea. Alimfunga farasi jike akiwa amelazwa chali, akamtia bomba la shaba katika ateri ya paja, kisha akasimamisha juu ya bomba hilo mrija mrefu wa kioo. Damu ilipanda hadi futi 8 na inchi 3 juu ya usawa wa moyo. Katika majaribio yake alitumia hata koo la bata bukini kuunganishia mirija, maana mpira haukuwapo. Aliyachapisha hayo mwaka 1733. Ilikuwa elimu kubwa, lakini haikumfaa mgonjwa yeyote, kwa kuwa upimaji wenyewe ulimmaliza aliyepimwa.

Mwaka 1828 Mfaransa Poiseuille aliweka zebaki badala ya damu katika mrija uliopindwa. Kwa kuwa zebaki ni nzito kuliko maji kwa zaidi ya mara 13, mrija mfupi ulitosha. Hapo ndipo kilipopatikana kizio tunachokitumia hadi leo, milimita za zebaki, ingawa hospitali nyingi zimekwisha kuiacha zebaki yenyewe kwa sababu ya sumu yake. Mwaka 1896, huko Torino nchini Italia, Scipione Riva-Rocci alibuni mfuko wa mpira unaozungushwa kwenye mkono na kujazwa upepo hadi mapigo ya kifundo yapotee chini ya vidole vya mganga. Kwa njia hiyo kipimo cha juu tu ndicho kilichopatikana. Mwaka 1905 daktari wa jeshi mjini St. Petersburg, Nikolai Korotkov, alieleza kwamba mganga akitega sikio chini ya mfuko huo upepo unapopunguzwa, atasikia sauti zikianza na kisha zikitoweka. Sauti ya kwanza ndiyo kipimo cha juu, moyo unaposinyaa, na zinapotoweka ndipo kipimo cha chini, moyo unapolegea. Taarifa yake haikuzidi ukurasa mmoja. Muuguzi yeyote wa zahanati anayesema "mia na ishirini kwa themanini" anaitumia taarifa hiyo.

Yafaa kukumbuka kwamba waliowahi kuzitilia maanani tarakimu hizo si waganga bali mashirika ya bima ya maisha ya Marekani. Waganga walikuwa wakijadiliana kama tarakimu kubwa ni ugonjwa au siyo, nayo mashirika, yaliyolipa fidia kwa kila aliyekufa, yaliona katika daftari zao kwamba wenye tarakimu kubwa hufa mapema.

Neno lililozuia dawa

Hapa tunafika penye funzo kubwa kwa watu wa kazi yetu. Mwaka 1911 daktari Mjerumani Eberhard Frank alihitaji jina la hali ambamo shinikizo liko juu ilhali figo hazina dosari inayoonekana. Alichagua kivumishi chenye asili ya Kilatini kilichokuwa na maana kwamba hali hiyo ni ya asili yake yenyewe, haikuletwa na ugonjwa mwingine. Katika lugha ya tiba kivumishi hicho kilikuwa njia ya heshima ya kukiri kwamba chanzo hakijulikani. Lakini kilipoingia katika Kiingereza kilikuta kimekwisha kuwa na maana nyingine iliyozoeleka zaidi masikioni mwa watu, yaani "cha lazima" au "kisichoweza kukosekana."

Wakati huo waganga wengi waliamini kwamba ateri zikikakamaa na kuwa nyembamba, mwili hauna budi kuongeza shinikizo ili damu ifike katika ubongo na figo. Neno likaafikiana na imani. Mwaka 1931 John Hay, profesa wa tiba mjini Liverpool, aliwaambia waganga wenzake kwamba hatari kubwa kwa mwenye shinikizo la juu ni kugunduliwa kwake, kwa kuwa atatokea mpumbavu wa kujaribu kulipunguza. Mwaka huohuo Paul Dudley White, bingwa wa moyo wa Marekani, aliandika kwamba huenda shinikizo hilo ni njia ya mwili ya kujisaidia, na kwamba lisiguswe. Sisemi kwamba neno peke yake ndilo lililoleta imani hiyo, kwa kuwa imani ilikuwa na hoja zake, na dawa za wakati ule zilikuwa kali au hazikuwapo kabisa. Lakini neno liliipa imani makao. Mimi mwenyewe nimekwisha kuona katika tafsiri ya mwanafunzi mmoja "shinikizo muhimu la damu," na nilipomwuliza umuhimu wake ni upi, alinionyesha kamusi.

Mfano wa matokeo ya imani hiyo ni Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani. Mwezi Machi 1944 daktari wa moyo Howard Bruenn alimpima akakuta 186 kwa 108. Daktari mkuu wa Rais aliendelea kuwaambia watu kwamba afya ya Rais ni nzuri. Tarehe 12 Aprili 1945, huko Warm Springs katika jimbo la Georgia, Roosevelt alilalamika kuumwa kichwa sana akazimia. Shinikizo lake lilikuwa 300 kwa 190, na alikufa siku hiyo kwa kuvuja damu katika ubongo, akiwa na umri wa miaka 63.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, serikali ya Marekani ilianzisha uchunguzi wa muda mrefu katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, ukiwa na watu 5,209 wenye umri wa miaka 30 hadi 62. Hawakuchaguliwa kwa kuwa wagonjwa. Walichaguliwa ili wafuatiliwe wakiwa wazima, ionekane nani ataugua na alikuwaje kabla ya kuugua. Mbinu hiyo, ambayo leo inaonekana ya kawaida, ndiyo iliyobadilisha mawazo. Mwaka 1958 ilianza kutumika dawa ya klorothiazidi, kidonge cha kwanza cha kupunguza shinikizo ambacho mgonjwa aliweza kukivumilia kwa miaka. Katika miaka ya 1967 na 1970 Edward Freis na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanywa katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani. Waliopewa dawa walipatwa na viharusi na kufa kwa uchache kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. "Lazima" ya kivumishi cha Frank ikaishia hapo, ingawa kivumishi chenyewe kingali vitabuni.

Mtu aliyekuwa na akili akaipoteza

Neno demensia limetokana na Kilatini, nalo lina maana ya kutokwa na akili. Kwa karne nyingi lilitumika ovyo kwa kila namna ya wazimu. Aliyelitenga zaidi ni Mfaransa Esquirol, katika kitabu chake cha mwaka 1838, alipotofautisha kati ya mtu aliyekuwa na akili kamili akaipoteza na mtu ambaye hakupata kuwa nayo tangu kuzaliwa. Naomba wasomaji waishike tofauti hiyo, maana tutaihitaji tutakapolijadili neno "punguani."

Mwishoni mwa karne ya 19 waganga wa Ujerumani walikuwa wakizitazama ateri. Mwaka 1894 Otto Binswanger alieleza wagonjwa walioharibika sehemu nyeupe ya ndani ya ubongo kwa kukosa damu ya kutosha, na katika miaka hiyohiyo Alois Alzheimer naye aliandika juu ya ubongo uliosinyaa kwa kukakamaa kwa ateri. Kinyume cha wengi wanavyodhani, Alzheimer alianza kwa mishipa. Jina lake lilipata umaarufu kwa sababu nyingine. Mwaka 1901 alipokelewa mjini Frankfurt mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akisahau hata jina la mumewe. Alipokufa mwaka 1906 Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona mabaka kati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Aliyaeleza hayo mjini Tübingen tarehe 3 Novemba 1906, na mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer. Ulihesabiwa kuwa ugonjwa adimu wa watu wasiokuwa wazee. Kwa wazee, waganga wengi walisema tu kwamba mishipa imekakamaa, wakafunga daftari.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1968 Blessed, Tomlinson na Roth wa Newcastle walionyesha kwamba wazee wengi waliokufa na demensia walikuwa na mabaka yaleyale ya Alzheimer. Mwaka 1974 Hachinski na wenzake walisema kwamba mishipa huleta demensia kwa kuua sehemu nyingi ndogondogo za ubongo, si kwa kukakamaa peke yake, na kwamba aina hiyo imetajwa kupita kiasi. Mwaka 1976 Robert Katzman aliandika kwamba demensia ya uzeeni na ugonjwa wa Alzheimer ni kitu kimoja, naye akauhesabu miongoni mwa wauaji wakubwa. Tangu hapo fedha na fikra zilielekea kwenye mabaka, na mishipa ikawekwa kando. Ndiyo maana mtu aliyesomea tiba katika miaka ya 1980 aliweza kujifunza shinikizo la damu katika sura ya moyo na demensia katika sura ya akili bila ya kuambiwa kwamba sura hizo mbili zina uhusiano.

Makutano

Kulikuwa na kizuizi kingine kilichotokana na wakati. Ukimpima mzee aliyekwisha kupatwa na demensia, mara nyingi utakuta shinikizo lake ni la kawaida, au hata liko chini. Mchunguzi wa haraka atasema kwamba shinikizo halihusiki. Ilibidi wapatikane watu waliopimwa zamani, kabla ya kuzeeka, na daftari zao ziwe hazikupotea.

Daftari hizo zilikuwapo Honolulu. Kuanzia mwaka 1965 wanaume 8,006 wenye asili ya Kijapani, waliozaliwa kati ya 1900 na 1919, walikuwa wamepimwa kwa ajili ya uchunguzi wa moyo. Katika miaka ya 1990 waliosalia walipimwa akili. Lenore Launer na wenzake walitoa taarifa mwaka 1995 juu ya wanaume 3,735 wenye wastani wa umri wa miaka 78. Kwa kila milimita 10 za nyongeza katika kipimo cha juu cha makamo, uwezekano wa kuwa na akili dhaifu uzeeni uliongezeka kwa asilimia 9. Mwaka 1996 Ingmar Skoog wa Göteborg, Sweden, alitoa taarifa iliyolifumbua fumbo la wakati. Wazee waliopatwa na demensia walipokuwa na umri wa kati ya miaka 79 na 85 walikuwa, walipokuwa na miaka 70, na wastani wa 178 kwa 101, na wenzao waliosalimika walikuwa na 164 kwa 92. Katika miaka iliyotangulia ugonjwa, shinikizo la wale wa kwanza lilishuka. Kwa hiyo kipimo cha mzee mgonjwa kilikuwa kikificha kipimo cha mtu yuleyule alipokuwa mzima.

Watumishi wa serikali miongoni mwa wasomaji wetu watapendezwa kujua kwamba uthibitisho mwingine ulitoka kwa watumishi wenzao. Makarani na wakuu wa idara za serikali mjini London wamekuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 1985 katika uchunguzi uitwao Whitehall II. Taarifa ya mwaka 2018, iliyohusu watu 8,639, ilionyesha kwamba waliokuwa na kipimo cha juu cha 130 au zaidi wakiwa na umri wa miaka 50 walipatwa na demensia zaidi ya wenzao, kwa kiasi cha asilimia 38. Kipimo hichohicho katika umri wa miaka 60 au 70 hakikuonyesha tofauti hiyo. Tazama basi jinsi neno moja la kijikaratasi chetu lilivyo na uzito. "Maisha ya mwanzo" ni utoto, na matokeo haya yanahusu makamo.

Jinsi madhara yanavyotokea si fumbo kubwa. Ubongo ni kama sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili, lakini hupokea karibu sehemu 15 hadi 20 za damu inayotoka moyoni. Ateri zake ndogo zinazopenya ndani zimetokana moja kwa moja na ateri kubwa, hivyo hupigwa na shinikizo ambalo halikupunguzwa njiani. Miaka ikipita kuta zake hunenepa na njia hufinyika, na ile sehemu nyeupe aliyoiona Binswanger hukosa damu kidogokidogo bila ya maumivu. Wakati mwingine ateri huziba na kuua kijisehemu kidogo, na mwenyewe asijue kwamba amepata kiharusi.

Je, kulipunguza shinikizo husaidia? Jaribio la Ulaya lililoitwa Syst-Eur lilitoa jibu la kwanza mwaka 1998. Miongoni mwa wazee 2,418 wenye umri wa miaka 60 au zaidi, demensia ilipungua kwa nusu kwa waliopewa dawa, lakini kwa kweli walikuwa wagonjwa 11 dhidi ya 21, hesabu ndogo mno ya kujengea nyumba. Jaribio la Marekani la SPRINT MIND, mwaka 2019, lilikuwa na watu 9,361. Kulishusha shinikizo chini ya 120 kulipunguza udhoofu mdogo wa akili unaotangulia demensia, lakini tofauti katika demensia yenyewe haikutosha kuthibitishwa, maana jaribio lilisimamishwa mapema. Mwaka 2025 zilichapishwa habari za vijiji 326 vya China na watu 33,995. Waganga wa vijijini, ambao si madaktari wa chuo kikuu, waliwapa wagonjwa dawa na kuwafuatilia kwa miezi 48, na demensia ikapungua kwa asilimia 15. Kwa nchi kama zetu jaribio hilo la vijijini lina maana kuliko yote yaliyotangulia.

Habari za kwetu

Mwaka 1929 C. P. Donnison, mganga wa serikali ya kikoloni katika Nyanza ya Kenya, alichapisha vipimo vya watu elfu moja. Alisema hakukuta shinikizo la juu, na kwamba baada ya miaka 40 shinikizo lilishuka badala ya kupanda. Tukumbuke kwamba umri wa wengi wao ulikuwa wa kukadiriwa. Hata hivyo, taarifa hiyo hutueleza kwa nini Kiswahili hakikuwa na jina la kale la hali hii. Maradhi yasiyo na maumivu, yanayojulikana kwa chombo tu, hayapati jina mahali ambapo chombo hakijafika. Kiharusi, ambacho huonekana kwa macho, kilikuwa na jina lake zamani.

Baadaye ilidhihirika kwamba tofauti haikuwa ya damu ya Mwafrika. Katika miaka ya 1960 A. G. Shaper na wenzake waliwapima vijana Wasamburu walioingia katika jeshi la Kenya. Nyumbani walikula maziwa na chumvi kidogo, na jeshini walikula posho yenye chumvi nyingi, na shinikizo lao likaongezeka. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 1990, uliwafuata Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka mashambani, ukakuta kwamba shinikizo lao liliongezeka katika miezi ya mwanzo tu ya kukaa mjini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika Ilala ya Dar es Salaam na kijiji cha Shari wilayani Hai, watu wazima wapatao 3 katika kila 10 walikutwa na shinikizo la juu. Miongoni mwao, chini kidogo ya asilimia 20 walijua, kama asilimia 10 walitumia dawa, na waliofanikiwa kulidhibiti hawakufika asilimia 1.

Hai ndiko pia ilikofanywa hesabu ya demensia. Katika taarifa ya mwaka 2013 walichunguzwa wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 au zaidi, na baada ya kusawazisha umri kiwango kilikuwa asilimia 6.4. Kiwango hicho hakitofautiani sana na cha nchi tajiri. Watu wa Ilala na Shari waliokuwa na miaka 45 wakati ule wa kupimwa, sasa wamepita 70.

Kuhusu maneno yenyewe

Turudi kwenye kijikaratasi. "Presha" ni neno la watu, wala sina ugomvi nalo. Kosa liko katika namna linavyotumika. Watu husema "ana presha," na wenye kusanifu husema "ana shinikizo la damu," na semi zote mbili ni sawa na kusema "ana joto la mwili." Kila aliye hai ana shinikizo la damu, na ugonjwa ni kuwa kwake juu. Kubwa zaidi ni zile semi za "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka." Kitenzi "kupanda" hutaja tukio, na mgonjwa akielezwa tukio hungoja dalili zake. Akiumwa kichwa hunywa kidonge, akipata nafuu hukiacha. Uchunguzi mwingi nilioutaja unahusu hali ya miaka mingi, isiyo na dalili. Ndiyo maana nashikilia "shinikizo la juu la damu," tena katika maandishi ya umma isemwe "limekuwa juu," siyo "limepanda."

Neno "shinikizo" lina asili njema. Lilitaja kinu cha kukamulia mafuta ya mbegu, na wazo la kubana lingalimo. Wenzetu wa fizikia walisanifu "kanieneo," yaani kani juu ya eneo, na kwa hakika hilo ndilo neno sahihi kuliko yote. Limekaa vizuri katika vitabu vya shule. Lakini kumwambia mgonjwa kwamba kanieneo ya damu yake ni kubwa ni kumfanya aombe mkalimani, na afadhali liachwe darasani.

"Hatari" ni neno la nyoka na moto. Kijikaratasi kinapotaka kusema kwamba jambo litawapata watu wengi zaidi miongoni mwa kundi fulani, "uwezekano" hutosha, na kitu kinachoongeza uwezekano huo kiitwe "kihatarishi," neno ambalo limekwisha kuenea katika maandishi ya serikali.

Ugumu uko kwenye demensia. "Wazimu" na "kichaa" hayafai, kama yule mzee alivyotuonyesha. "Punguani" linamtaja yule ambaye Esquirol alimtenga, aliyepungukiwa tangu mwanzo, tena ni tusi. "Kurudi utotoni" ni maneno ya huruma, na kwa sababu hiyohiyo yanaufanya ugonjwa kuwa sehemu ya kawaida ya uzee, na familia isiende hospitali. Wengi siku hizi huandika "ugonjwa wa kusahau." Nilikuwa mmoja wao. Nimeacha kwa sababu moja: demensia inayotokana na mishipa, yaani ile iliyo karibu kabisa na shinikizo la damu, mara nyingi haianzi kwa kusahau. Mgonjwa huwa mzito wa kufikiri, hushindwa kupanga shughuli alizozizoea, mwendo wake hubadilika, na huenda akakumbuka vizuri majina ya wajukuu wote. Binti yake akisoma "ugonjwa wa kusahau" atasema baba hana. Jina linaloeleza nusu ya ugonjwa huwaficha wagonjwa wa nusu ya pili. Kwa sasa naona afadhali tuazime "demensia," neno lisilo na maana ya awali ya kupotosha, kisha tulieleze kwa sentensi kila linapotumika. Mwenzangu mmoja ofisini hakubali. Anasema neno lisiloeleweka halimfichi mgonjwa kwa sababu halimfikii kabisa, na hoja yake ina uzito.

Kijikaratasi kilirudishwa kwa wenyewe kikiwa na sentensi hii: "Mtu wa makamo ambaye shinikizo lake la damu limekuwa juu kwa miaka mingi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupatwa uzeeni na demensia, ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kufikiri, kukumbuka na kujitegemea, dawa na kupunguza chumvi hulishusha shinikizo hilo." Ni ndefu kuliko ya kwanza mara tatu, na mpiga chapa alilalamika. Kadi ya demensia imebaki katika kisanduku cha istilahi zinazosubiri uamuzi. Walimu, waganga na wafasiri wanaosikia jina jingine la hali hiyo katika sehemu zao wanaombwa kutuandikia, na pamoja na neno watuletee sentensi kamili ambamo walilisikia na umri wa aliyelitamka.